Koti la Mume Aliye Hai

Watu wanaosafiri kwa makundi nawadharau tangu zamani, na sasa kwa kuwa nimezeeka sioni sababu ya kulificha jambo hilo. Nimewaona maisha yangu yote pale Suna. Wanaamka alfajiri ili waende mahali, na jua la utosi linawakuta bado wako stendi, wakimngoja mmoja aliyerudi nyumbani kuchukua mwavuli, na mwingine aliyekwenda kumwita yule wa mwavuli. Wakifika wanakokwenda wanakwambia safari ilikuwa nzuri. Nzuri wapi? Hawakuona hata mti mmoja njiani, kazi yao ilikuwa kutazamana wao kwa wao.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," walikuwa wakiniambia kila nilipobeba kikapu changu na kuondoka peke yangu. Mimi sikuwa naenda kuvunja chawa. Nilikuwa naenda Ogwedhi siku ya mnada wa ng'ombe kuuza chumvi na sabuni, au Kegonga kununua wimbi. Peke yako unakula ukiona njaa, unalala ukichoka, na ukitaka kunyamaza kutoka asubuhi hadi jioni unanyamaza, hakuna mtu wa kukuuliza umekasirika nini. Sisemi hakuna taabu. Ukitaka kwenda msalani hakuna wa kukushikia mzigo, unaingia nao, hata kama ni kuku. Ukiugua njiani hakuna anayejua wewe ni wa nani. Tena mwanamke akiwa peke yake, kila mwanamume aliyevaa suruali anadhani ameletewa zawadi. Hayo yote niliyajua na niliyazoea.

Kuna taabu moja tu sikuijua, na niliikuta njia ya Homa Bay, miaka ile uhuru bado ni mchanga.

Mama yangu alikuwa anakaa kwetu nilikozaliwa, chini ya ule mlima wa Homa Bay, upande unaotazama ziwa. Baba alikuwa amekufa siku nyingi. Boma lilibaki mikononi mwa kaka yangu mkubwa, ambaye nitamfikia baadaye, maana hakuna haraka ya kumfikia mtu wa namna ile. Habari ililetwa na mwanamke aliyekuwa akituletea samaki wa ngege waliokaushwa sokoni Suna. Aliweka karai lake chini, akajifuta mikono, akasema, "Mama yako wamemrudisha kutoka hospitali. Daktari amesema apelekwe tu nyumbani."

Sote tulijua maana ya kurudishwa nyumbani. Hospitali haikurudishi nyumbani ukale samaki. Nilimwuliza kama mama anaongea. Akasema anaongea, ila ananiulizia mimi. Kila anayeingia mlangoni anamwuliza kama ni mimi.

Hiyo ilikuwa Jumatano jioni. Nikaenda kwa mume wangu nikamwambia kesho asubuhi tunaondoka.

Sasa mume wangu. Mume wangu alikuwa Msabato kama mimi, mtu safi, mtu wa heshima kanisani, na mwoga wa kila kitu kilichokuwa nje ya soko la Suna. Alikuwa mtu wa kikundi. Hakwenda popote bila wenzake, na nadhani hata chooni angependa kusindikizwa. Aliposikia habari ya mama alifunga macho kwanza kuonyesha uchungu, kisha akayafungua akasema, "Tusubiri Jumapili, mama watoto. Kuna kikundi kinakwenda makambi ya kanisa upande wa ziwa. Tutakwenda nao, tutaimba njiani, tutafika salama."

"Na mama naye atasubiri makambi?"

"Hayo ni ya Mungu."

"Mungu hajaniambia nisubiri," nikasema. "Umeniambia wewe."

Akaanza kunieleza habari za mvua, za barabara, za madaraja, za wanawake waliopotea. Mtu ambaye hajawahi kufika hata Rongo alikuwa ananieleza mimi habari za barabara! Nilimwacha anaongea nikaenda kuwapeleka watoto kwa wifi yangu.

Alfajiri mvua ilikuwa inanyesha kama imetumwa. Shali yangu ilikuwa bado imelowa tangu jana yake. Ukutani kulikuwa na koti lake jeusi la kanisani, koti zito la sufu, refu mpaka karibu na vifundo vya miguu yangu, kwa sababu yeye alikuwa mrefu. Urefu ndio kitu pekee alichokuwa nacho kwa wingi. Nikalitungua. Hapo ndipo akaamka kabisa.

"Koti langu la Sabato!"

Hayo ndiyo maneno aliyonipa ya safari. Si "nenda salama," si "msalimie mama." Nikafunga mlango.

Kabla ya kwenda mbele lazima niseme jambo moja juu ya kichwa changu. Wiki ile nilikuwa nimenyoa nywele zote. Mtoto wangu alileta mapunye kutoka shuleni akaniambukiza, na dawa yake ilikuwa wembe na mafuta ya taa. Basi nilikuwa kipara kitupu, nimejifunga kitambaa. Miguuni sikuvaa kitu, kwa sababu hakuna mjinga anayevaa viatu vyake vizuri kwenye tope la Migori mwezi wa nne. Viatu vilikuwa kikapuni. Sikuona ajabu yoyote katika hayo yote.

Ndani ya basi la Kisii nilikaa dirishani, koti nimelikunja mapajani. Akaja kukaa karibu nami karani mmoja. Nilimjua ni karani kwa zile kalamu alizozipanga mfuko wa shati kama meno. Hakumaliza hata kukaa vizuri, akaanza.

"Mama, unaenda wapi peke yako?"

"Mbele."

"Na bwana yako amekuachilia hivi hivi?"

"Mimi si mbuzi, sifungwi kamba."

Akacheka kicheko cha watu wanaodhani tusi ni mapenzi. Goti lake likaanza safari yake kuja kwangu. Nililisukuma, likarudi. Nilikuwa natafuta sindano ya kushonea niliyoichomeka pembeni mwa kikapu, nimpe jibu la kumfaa, lakini mvua ikapiga upande wetu, na dirisha lile halikuwa na kioo. Kitambaa changu kililoa chote. Nikakivua kukikamua, kisha nikalivaa lile koti la mume wangu nikajifunika nalo mpaka shingoni.

Karani akanitazama kichwa. Akatazama koti. Akashuka na macho mpaka miguuni. Goti likarudi kwao kama lililochomwa moto, na mtu mzima akasimama, akaenda kushika chuma kule mlangoni, mvua ikimmwagikia kalamu zake. Sikuelewa. Nikadhani labda mapunye yangu ndiyo yamemwogofya, nami nikayashukuru.

Kisha mkono ukanigusa begani, hapana, haukunigusa; ulitaka kunigusa ukaghairi. Nyuma yangu alikuwa amekaa bibi mmoja mwenye kikapu cha mihogo mikavu. Akaniinamia akanong'ona:

"Pole, nyathina, mwanangu. Alikufa lini?"

Hapo ndipo nikaelewa. Kwa asiyejua mambo yetu Wajaluo: mume akifa, mjane hunyolewa kichwa, huvalishwa nguo za marehemu, koti, shati, hata kofia, na hukaa nazo mpaka mila zote zimalizike. Tunaita chola. Akiwa katika chola mjane haingii nyumba za watu, hashikani mikono na mtu, hanywi katika kikombe cha mtu. Na zaidi ya yote hakanyagi boma alikozaliwa. Akilikanyaga, ndugu zake wa kiume wataanza kufa mmoja baada ya mwingine. Ndivyo wanavyoamini. Na mimi hapo, kipara, pekupeku, peke yangu, nimevaa koti la mwanamume.

Ningeweza kumwambia yule bibi kwamba mume wangu hajafa, yuko Suna anakula viazi. Sikumwambia, na sijutii hata leo. Karani alikuwa kule mlangoni analoa, mimi nimepata kiti kizima cha watu wawili, nimenyoosha miguu. Tangu nianze kusafiri peke yangu sijawahi kupata raha kama ile. Nikasema moyoni, kumbe mwanamke akitaka aheshimiwe njiani sharti mume afe! Wakiwa hai hawana faida hiyo.

Lakini bibi hakunyamaza. Alinitazama uso, akageuza kichwa huku na huku, kisha akasema, "Wewe si binti wa kule chini ya mlima? Mama yako si yule mgonjwa?"

"Ndiye."

"Usiniambie unakwenda kwenu."

"Naenda kumwona mama."

Bibi aliinua kikapu chake cha mihogo kutoka chini, karibu na miguu yangu, akakipakata. Akakishikilia hivyo mpaka Rongo.

Rongo nilishuka kutafuta gari la kwenda Homa Bay. Mvua haikuwa imepungua. Niliingia hoteli moja kunywa chai, na mwenye hoteli, mwanamke mnene wa sauti ya mahubiri, akaniambia kutoka mbali nisimame pale pale mlangoni. Chai akaniletea katika mkebe wa mafuta ya kupikia. Pesa alizitaka, ila aliniambia niziweke chini, akazimwagia maji, akaziokota. Nikamwambia, "Mume wangu ni mzima." Akajibu, "Ndiyo, mama, ni mzima kwa Mungu." Chai yenyewe haikuwa na sukari.

Lori tulilopata lilikuwa la mahindi. Dereva alikuwa Mkuria wa upande wa Kegonga, hakujua lolote la chola, kwao wana miiko yao mingine na sina shaka ni ya ovyo kama yetu. Alinipandisha. Waliokuwa juu ya magunia wakasogea upande mmoja wote, yule bibi akiwa kati yao, mpaka lori likaanza kuinama, na utingo akawafokea wagawane. Hawakugawana. Tukaenda tumeinama hivyo hivyo, watu wazima kumi na kitu wamebanana kona moja wakiogopa sufu.

Jioni inakaribia tukafika kwenye mto. Ni mto mdogo, jina lake halina maana, kiangazi mbuzi huuruka. Siku ile ulikuwa umejaa, mwekundu, na magogo ya daraja yalikuwa yamekwenda ziwani. Dereva akasema yeye anageuza. Abiria wakashuka, na kama kawaida ya watu wa kwetu wakaamua kuvuka kwa mkono. Watu hushikana viganja, mmoja baada ya mwingine, wenye nguvu wanatangulia na wengine wenye nguvu wanafuata nyuma, wanyonge katikati, wanaingia majini kama uzi mmoja. Mmoja akiteleza wengine wanamshikilia. Nimevuka hivyo mara nyingi na watu nisiowajua. Ni desturi nzuri, lazima niseme kweli.

Nikakunja koti mpaka kiunoni, nikaenda mwisho wa ule mstari, nikamnyoshea mkono mwanamume aliyekuwa wa mwisho. Akauficha wake nyuma.

"Shika mkono," nikamwambia. "Mto unapanda."

"Mama, mimi nina watoto."

"Na mimi nina watoto. Shika!"

Akasogea mbele, akaingia majini, na mstari ukaondoka. Nikasimama pale ukingoni na mkono wangu umenyooshwa hewani. Nilipiga kelele, sioni haya kusema, nilipiga kelele za mtu anayeibiwa. Niliwaambia mume wangu yuko hai. Niliwaambia anaitwa nani, anakaa nyumba ipi, anakula nini. Nililivua lile koti nikalitupa kwenye tope nikalikanyaga mbele yao, nikiwaambia ni koti la Sabato tu! Bibi wa mihogo alikuwa ameshafika ng'ambo. Akageuka, na sauti yake nilikuwa naisikia vizuri kupita maji:

"Hawa Wasabato ndivyo walivyo! Hawataki chola, wanaficha mauti. Wewe binti, vua koti, lakini kifo hakivuliwi. Rudi kwako!"

Hapo akanimaliza. Kwa sababu ni kweli, kanisa letu lilikuwa linakataza mambo ya chola, na kila mtu alijua kuna wajane wa Kisabato waliokataa kuvaa nguo za marehemu wakajitia kama hakuna lililotokea. Basi ningesema nini? Ningesema mume wangu amekufa, nimekwisha. Ningesema ni mzima, hayo ndiyo maneno hasa ya Msabato aliyefiwa. Walichukua mihogo yao na mizigo yao wakapanda kilima kuelekea Homa Bay, na mimi nikabaki na mto. Mama alikuwa upande wa pili ananiulizia.

Nilijaribu peke yangu. Niliingia mpaka kifuani, nikaangushwa, nikashika matete, nikatoka nje kwa magoti. Nikajaribu tena chini kidogo, ikawa vilevile. Nikakaa ukingoni nikawatukana wote niliowajua, kuanzia mume wangu. Huo ndio upungufu wa kusafiri peke yako, na nautaja kwa sababu sitaki mtu aseme nimeuficha: kuna maji ambayo huyavuki bila kiganja cha mtu mwingine. Lakini sikilizeni vizuri. Sikuwa peke yangu pale mtoni. Tulikuwa wengi, na kila mmoja wao alikuwa na mikono miwili.

Nililala katika darasa la shule moja ya Wakatoliki iliyokuwa karibu. Haikuwa na milango, ndiyo maana haikuweza kunifungia.

Asubuhi ya Ijumaa maji yalikuwa yameshuka mpaka kiunoni. Nikakata fimbo, nikavuka. Koti nililivaa tena, nalo limejaa tope limekauka, kwa sababu nilikuwa natetemeka na sikuwa na lingine. Nikatembea bila kusimama. Nilimwomba Mungu jambo moja tu, nimkute mama anapumua. Nilimwambia mengine yote amwachie mume wangu, ambaye ana muda wa kuomba.

Nilipoliona boma letu, na ule ua wa minyaa, na moshi ukitoka katika nyumba ya mama, nilikimbia. Sikufika. Kaka yangu mkubwa alikuwa amesimama kwenye lango na fimbo, na kofia yake ya kitambaa kizito aliyopewa na mzungu mmoja akaifanya taji. Nyuma yake wake zake wawili. Kumbe bibi wa mihogo alipitia pale jana ile ile, akala ugali wetu, akaacha habari yake, akaenda zake.

"Simama hapo hapo, dada."

"Mama yuko hai?"

"Yuko hai. Simama."

Nililia kwa furaha, kisha nikakasirika kwa kulia mbele yake. Nikamweleza. Nikamweleza kila kitu, mapunye, mvua, shali iliyolowa, karani. Nikavua koti nikalitundika kwenye minyaa. Nikamwonyesha kichwa changu kwa karibu, madoa ya mapunye yakiwa bado yanaonekana. Akatikisa kichwa kwa huruma ile ya watu wasiosikia.

"Dada, najua ninyi mna dini yenu. Siikatai. Lakini hapa kuna watoto wangu wa kiume. Nimemtuma mtu Suna akaulize. Akirudi na habari njema, utaingia."

"Atarudi lini?"

"Kesho kutwa, kama mto utamruhusu."

"Na mama je?"

"Mama ni mgonjwa," akasema, kana kwamba nilikuwa nimemwuliza habari za mtu mwingine.

Huyu ndiye kaka yangu. Mama aliugua mwaka mzima bila yeye kumnunulia hata kidonge cha kichwa. Alipelekwa hospitali na majirani, kwenye baiskeli. Godoro nililomletea mama kutoka Suna lilikuwa kitandani kwa mke wake wa pili, nililiona mimi mwenyewe baadaye. Lakini siku ile alikuwa mlinzi wa ukoo. Siku ile alikuwa na kazi. Nilimwambia, "Wewe ukifa, hata chola itakataa kuvaliwa." Mke wake mkubwa akaziba mdomo kwa leso ili asicheke.

Nikaanza kupiga kelele kuelekea nyumba ya mama. "Mama! Ni mimi! Nimefika!"

Kisha sauti ikatoka ndani, nyembamba, lakini ile ile iliyokuwa ikituita kutoka ziwani tulipokuwa wadogo.

"Nani huyo?"

"Hakuna mtu, mama," kaka akajibu. "Ni wapita njia."

"Nakuuliza wewe, mpumbavu, ni nani?"

Kaka akaingia mlangoni kwa mama akamweleza kwa upole. Nilikuwa nasikia. Akamwambia binti yako amefiwa, yuko kwenye chola, hawezi kuingia bomani, ni mila, mama, wewe mwenyewe ulitufundisha. Nilidhani amekubali, nikachuchumaa pale langoni. Mama alikuwa mtu wa mila kuliko wote. Hakuwahi kubatizwa. Alikaa chola yake ya baba bila kulalamika, mvua na jua, na mimi nilikuwa nikimcheka kwa ajili ya hiyo.

Kisha nikamsikia anamwuliza kaka, "Yeye amekatazwa kuingia?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nimekatazwa kutoka?"

Kaka alifikiri. Alikuwa anatafuta mwiko wa kumpa, lakini haukuwepo, na mtu asiyejua kitu hawezi kukitunga akiulizwa na mama yake.

"La, mama. Wewe hujakatazwa."

"Basi nitoeni."

Wakamtoa. Wake wa kaka walimbeba na mkeka wake, mmoja kichwani mmoja miguuni, wakapita katikati ya uwanja, kuku wakikimbia mbele yao, wakamshusha nje ya lango, kando ya barabara, mahali mimi nilipokuwa. Mvua ilikuwa imeacha. Alikuwa amebaki mdogo kabisa, ningeweza kumpakata. Kaka alibaki upande wake wa lango, ndani, akiwalinda wanawe.

Hakurudi tena ndani. Waliomba sana, alikataa. Waliniletea majani na mabati mabovu nikamtengenezea kibanda pale pale kwenye ua, na watu wa kijiji wakapita wakitazama na kutikisa vichwa, aibu gani hii, mwenye boma kulazwa nje kama mgeni. Watikise! Nilimlisha uji. Nilimkanda miguu. Sabato ile sikwenda kanisani wala sikuimba, na kabla ya adhuhuri alikufa nimemshika. Mjumbe wa kaka alikuwa bado hajarudi. Kikundi cha makambi kilikuwa bado hakijaondoka Suna.

Lakini nilitaka kusema habari ya ile Ijumaa, walipomshusha tu. Nilipiga magoti kwenye mkeka wake. Alinipapasa kichwa kile kipara, polepole, pote, mpaka nyuma ya masikio. Akaangalia barabara nyuma yangu kama kuna mtu mwingine anayekuja.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, mama."

"Ni kweli amekufa?"

Sikuweza kumdanganya. "Hapana, mama. Hajafa. Yuko Suna, anangoja wenzake wa kusafiri nao."

Mama akaitazama ile barabara tena. Kisha akanishika mkono kwa viganja vyake vyote viwili, kama tunavyoshikana matangani, akasema, "Pole sana, mwanangu."

Tulianza kutikisika wote wawili. Nilijiziba uso kwenye shingo yake, naye alicheka mpaka kikohozi kikamshika, machozi yakatutoka, hatukuweza kuacha. Kule langoni kaka yangu alidhani tunalia, akavua kofia yake.